Je, Ni Halali Kutangaza Kasi Iliyozidishwa?



Si zamani sana, baada ya darsa ya Alkhamisi, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Kijana huyu ni fundi. Hutengeneza simu na vile vyombo vidogo vya michezo ambavyo vijana huvishika mikononi wakavichezea popote walipo. Hununua vilivyotumika, huvisafisha, huvitengeneza, kisha huviuza. Akaniuliza: "Sheikh, mimi nina njia ya kukifanya chombo kiende upesi kuliko alivyokiacha mwenye kiwanda. Kilichokuwa na kasi ya megahezi 1,000 hukipandisha kikafika 1,300. Basi nikiandika katika karatasi ya dukani kwamba kasi yake ni 1,300, nina makosa?"

Nikamuuliza: "Nambari hiyo ni ya kweli?" Akasema: "Ni ya kweli, mnunuzi akitaka nitamwonyesha kwenye kioo." Nikamwambia: "Ikiwa ni ya kweli, basi huna makosa." Akaenda zake kwa furaha, nami nikaenda zangu nikidhani nimejibu vyema.

Hazikupita wiki tatu akaja kwangu mama mmoja, muuza mahamri. Alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo akamnunulia mwanawe chombo kile, zawadi ya kumaliza mtihani. Chombo chazimika chenyewe katikati ya mchezo, mgongo wake wachoma mkono, na betri haimalizi saa moja na nusu. Alipokirudisha dukani, kijana alimwonyesha nambari 1,300 kwenye kioo, akamwambia: "Mama, nilichoandika ndicho hiki, na Sheikh mwenyewe ameniambia sina makosa." Mama yule hakuja kunigombeza. Alikuja kuuliza tu: "Ni kweli, Maalim, kwamba dini imesema hivyo?"

Swali lile liliniondolea usingizi. Nilikuwa nimelijibu jambo nisilolijua, kwa haraka, kwa kuwa muulizaji alikuwa mwanafunzi wangu na swali lilionekana dogo. Makala haya nayaandika ili nijirudi mbele ya watu wote, maana fatwa yangu imekwisha kutembea mjini pasi na mimi.

Wanazuoni wetu wametufunza kwamba huwezi kukihukumu kitu mpaka ukijue. Basi nilikwenda kwa wajuao nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ndani ya kila chombo cha namna hii mna prosesa, nayo ndiyo ubongo wake. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mfano wa mapigo ya moyo. Megahezi moja ni mapigo milioni moja katika sekunde moja. Mapigo yakizidi, kazi huzidi. Lakini mapigo hayazidi bure. Ili prosesa iyavumilie, aghalabu hutakiwa iongezewe nguvu ya umeme, yaani volti. Na joto litokalo hufuata ile kasi, tena hufuata volti iliyozidishwa kwa nafsi yake. Ukiongeza kasi kwa sehemu tatu katika kumi, na volti kwa sehemu moja katika kumi, joto halizidi kwa sehemu tatu katika kumi. Lazidi kwa zaidi ya nusu. Na chombo cha mkononi ni kidogo, hakina nafasi ya kupumua. Joto likipita mpaka, ama prosesa hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, ama chombo huzima. Na mlipaji wa gharama yote hii ni betri.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kuliko la kwanza. Prosesa hazitoki kiwandani zikiwa sawasawa. Hukatwa nyingi kutoka kisahani kimoja cha silikoni, nazo hutofautiana kama yatofautianavyo maembe ya mti mmoja. Mwenye kiwanda huzipima na kuzipanga kwa daraja, kisha huandika kasi ambayo kila moja katika daraja lile itaimudu, siku ya joto na siku ya baridi, mwaka wa kwanza na mwaka wa tano. Naye huacha akiba baina ya aliloliandika na mwisho wa nguvu za kitu. Mwenye kuzidisha kasi huila akiba ile. Ndiyo maana chombo kimoja huvumilia 1,300, na ndugu yake waliotoka naye kiwandani siku moja akakwama kabla ya kufika 1,200. Wapenzi wa vyombo hivi walilijua jambo hili tangu zamani: katika chombo kiitwacho GP32, kilichotolewa Korea ya Kusini mwaka 2001 kwa kasi ya megahezi 133, walikuwako waliofikisha 166, na walikuwako ambao vyombo vyao vilikataa.

Baada ya kuyajua haya ndipo nilipoona nilipojikwaa. Nilimuuliza kijana kama nambari ni ya kweli. Ilinipasa nimuulize mnunuzi atafahamu nini atakapoisoma. Tuseme jahazi liliwahi siku moja, kwa kusi njema na bahari tulivu, kufika Lamu kwa upesi ambao haujawahi kuonekana. Nahodha akiwaambia watu kahawani khabari za safari ile, amesema kweli. Lakini akiandika upesi ule katika hati ya kukodisha jahazi, na mfanyabiashara akapakia samaki wabichi kwa kuutegemea, je, huyu nahodha amesema kweli? Khabari ni ile ile. Ila ya kwanza yaeleza siku moja, na ya pili yaahidi kila siku. Mnunuzi wa chombo hanunui dakika moja ya mbele ya muuzaji. Anunua ada ya kitu, yaani vile kitakavyokuwa kesho na kesho kutwa mikononi mwa mwanawe.

Na jambo hili si geni katika dini yetu, hata ijapokuwa megahezi ni ngeni. Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuwafunga ngamia na kondoo viwele. Mwenye mnyama alikuwa akiacha kumkama siku kadha, kiwele kikajaa, kisha akampeleka sokoni. Mnunuzi akadhani ndiyo desturi ya maziwa yake. Mtume akampa mnunuzi khiyari baada ya kumkama: akitaka amzuie, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Tazama, ewe msomaji, maziwa yale yalikuwa ya kweli. Hayakutiwa maji. Lau ungalimuuliza muuzaji, "Maziwa haya ni ya mnyama huyu?" angaliapa, na kiapo chake kingalikuwa sahihi. Pamoja na hayo biashara ile ilikatazwa, kwa kuwa kiwele kilisema jambo ambalo mnyama hawezi kulitimiza.

Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake Minhaj, ambacho twakisoma na kukisomesha katika pwani hii, amelifuatisha jambo hilo na jengine lililo karibu mno na swali letu. Nalo ni la mtu mwenye kinu cha kusaga kizungushwacho kwa maji. Ayazuia maji nyuma yakajaa, kisha ayaachia wakati wa kuuza, kinu kikazunguka kwa nguvu mbele ya macho ya mnunuzi. Hukumu yake ni kwamba mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Nimeyasoma maneno hayo tangu ningali kijana, na nimeyasomesha mara nyingi. Na siku nilipoulizwa juu ya kinu cha leo sikuyakumbuka.

Tena tusidhani kwamba jambo hili ni la fundi wa mtaani peke yake. Wakubwa wamelifanya kwa ukubwa wao. Mwaka 2013 wapimaji wa vyombo waligundua kwamba simu ya Samsung Galaxy S4, ya namna moja katika namna zake, ilikuwa ikizitambua programu fulani za kupimia kasi. Ikifunguliwa programu ya kipimo, sehemu yake ya kuchorea picha ilipanda hadi megahezi 533. Ikifunguliwa michezo ya kawaida, mwisho wake ulikuwa 480. Kiwele kilifungwa kwa ajili ya siku ya soko. Wanunuzi walikwenda mahakamani huko Marekani, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kuimaliza kesi kwa mapatano ya thamani ya dola milioni 13.4, pasi na kukiri kosa.

Na iko namna nyengine iliyo laini zaidi. Kampuni ya Sony ilipotoa chombo chake cha PSP huko Japani, Disemba mwaka 2004, iliandika katika sifa zake kwamba kasi ya prosesa ni baina ya megahezi 1 na 333. Prosesa ile yaweza 333, hapana shaka. Lakini watengenezaji wa michezo hawakuruhusiwa kupita 222, mpaka ilipotoka programu mpya ya chombo mwaka 2007. Hapa hapakuzidishwa kitu. Bali kasi ilizuiwa, na kuizuia kwahifadhi betri. Sisemi kwamba walikusudia kudanganya. Nasema tu kwamba kwa miaka miwili na zaidi mnunuzi alisoma nambari ambayo michezo yake haikuruhusiwa kuifikia. Basi nambari yaweza kuwa ya kweli kwa prosesa isiwe ya kweli kwa mnunuzi, na anayeisoma ni mnunuzi, si prosesa.

Huenda mtu akasema: "Kila mfanyabiashara huisifu bidhaa yake, na watu wamezoea." Twasema: ni kweli, na muuza mahamri akisema mahamri yake ni matamu kuliko yote ya mji hakuna atakayemshitaki kwa Kadhi. Lakini sifa ni mbali na kipimo. Utamu kila mtu ataujua kwa ulimi wake. Nambari ni jamaa ya mizani na pishi; na mizani Mwenyezi Mungu ameiteremshia sura nzima iliyoanza kwa kuwaonya wapunjao. Tena mizani ya dukani mnunuzi huiona kwa macho, na megahezi hana jicho la kuziona. Hana ila neno la muuzaji. Na kadiri mnunuzi anavyopungukiwa na njia ya kujua, ndivyo amana ya muuzaji inavyozidi kuwa nzito.

Mwengine atasema: "Mimi sikuandika 1,300, nimeandika hadi 1,300." Neno hilo "hadi" ni dogo, na limebebeshwa mzigo mkubwa katika matangazo ya zama hizi. Je, wewe ukenda dukani ukauziwa sukari "hadi kilo moja", ukafika nyumbani ukakuta robo tatu, utamshukuru mwenye duka kwa usahihi wa lugha yake? Ukisema mwisho wa kitu, sema na mwanzo wake, na useme kwa muda gani kitasimama juu ya huo mwisho.

Na wa tatu atanyosha kidole kwenye karatasi ya risiti iliyoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, sharti la kujitoa katika kila aibu halimwokoi muuzaji, isipokuwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Fundi aliyezidisha kasi kwa mkono wake hawezi kusema hakujua. Wala sheria ya nchi haiko mbali na hapo: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupewa khabari zinazomtosha kufaidika na alichokinunua, na imetaka pawe na sheria ya matangazo ya haki na ukweli, na Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012 imekataza maelezo ya uwongo na ya kupoteza.

Wala isifahamike kwamba kuzidisha kasi kwenyewe ni haramu. Mtu na mali yake. Kijana akikipandisha chombo chake mwenyewe, hali ajua kwamba kitapata joto na betri itachoka mapema, hiyo ni hiari yake, maadamu haiharibu mali bure. Na katika jambo hilo mna elimu na ufundi. Na akikiuza hali amemweleza mnunuzi yote, na mnunuzi akaridhika, biashara yao ni safi. Kosa liko katika kunyamaza.

Hapa nakumbuka khabari ya lundo la chakula. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoipata. Hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona. Kisha akajitenga na mwenye kughushi. Basi dawa yenyewe imo humo. Hakuambiwa akitupe chakula, wala asikiuze. Aliambiwa alowe na akauke vionekane pamoja.

Na jambo hili lawezekana, wala haliui biashara. Kampuni ya Valve ilipotoa chombo chake cha Steam Deck mwaka 2022, iliandika kasi ya prosesa kwa ncha zote mbili, gigahezi 2.4 hadi 3.5, iliandika umeme ambao prosesa hula, wati 4 hadi 15, na iliandika kwamba betri yachukua saa 2 hadi 8 za mchezo. Mwenye kusoma saa 2 amekwisha kuonywa. Hata aliyekosea ana mlango wa kurudi. Mwaka 2000, katika mashindano yake na AMD, kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya Pentium III ya gigahezi 1.13. Wapimaji wakaona yakwama katika baadhi ya kazi. Na mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule kampuni ikazirudisha kutoka sokoni. Ilikuwa aibu, lakini aibu ya kurudisha ni ya siku chache.

Nilikwenda dukani kwa yule kijana, nikamwambia mbele ya watu waliokuwapo: "Nilikujibu makosa. Kosa la kwanza ni langu." Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba amekwisha kuuza vyombo saba vya namna ile, na pesa zake amelipia kodi ya duka. Sikuwa na la kumjibu kwa haraka, na safari hii sikujaribu. Tuliketi tukahesabu. Nikamwambia kwamba deni lile fatwa yangu imo ndani yake, wala si haki alichukue peke yake.

Wanunuzi watano walipatikana. Kila mmoja alielezwa ukweli na kupewa khiyari. Wawili walisema vyombo vyao havina taabu na wataendelea navyo hivyo hivyo, nao ni haki yao. Wawili walirudisha wakapewa pesa zao. Yule mama, kwa ridhaa yake na ya kijana, alitaka chombo kirudishwe katika kasi yake ya 1,000 na apewe tofauti ya bei. Na mwanawe sasa hucheza mchezo mpaka mwisho. Waliobaki wawili wangali watafutwa. Yeyote aliyenunua chombo cha namna hiyo katika miezi hii, na akaona alama za joto na kuzimika, na aende kwa fundi aliyemuuzia amuulize.

Na karatasi ya dukani imebadilika. Sasa yasema: kasi ya kiwandani ni 1,000, kimepandishwa na fundi hadi 1,300, katika 1,000 betri hukaa muda fulani, katika 1,300 hukaa muda fulani, hupata joto, kimejaribiwa kwa saa kadha, mnunuzi aweza kurudishiwa kasi ya kiwandani bila ya malipo. Kijana aniambia kwamba wateja wengine husoma wakaondoka. Nilimuuliza kama ajuta. Akasema: "Wanaobaki, Sheikh, hawarudi kugombana."

Ndugu zangu, leo ni megahezi, kesho patazuka kipimo chengine ambacho sisi wazee hatutakijua jina lake. Mafundi wetu ndio watakaokijua. Basi tusiwaache peke yao na nambari zao, na wao wasije kwetu kutafuta ruhusa kwa swali lililokatwa nusu. Nasi tulioketishwa kuulizwa, tuulize kwanza. Na tukikosea, tusione haya kurudi kwa njia ile ile tuliyopitia.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya kujua, na atubarikie katika biashara ambayo ndani yake na nje yake ni kimoja. Amin.